Umi Famau na Pembetatu Nyeusi

Wanaomkumbuka Umi binti Famau humkumbuka amekaa juu ya mto mweusi, cherehani ya mkono mbele yake, mlango wazi. Mgeni akiuliza mbona mto ule umeungwa kwa vipande vidogo vidogo vya pembe tatu, Umi humjibu, "Hiyo ni kazi ya Bwana Athman," asiongeze neno. Mimi nitaongeza, maana nilikuwapo, na faida yangu niliipata humo humo.

Umi alikuwa mtu wa Pate. Alipanda mashua Mtangawanda na talaka yake na ile cherehani, akashuka Lamu miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati barabara ya bara ina majambazi wa shifta na kila jora la nguo laja kwa bahari. Nguo ilikuwa ghali ya kumliza mtu. Mkomani, kwenye nyumba za mawe, mwanamke wa Pate akitokea huulizwa kwanza amekuja kumtumikia nani. Umi naye aliulizwa. Akasema, "Nimekuja kujitumikia." Wakacheka. Akapanga chumba mtaa wa Langoni.

Kazi yangu mimi ni kuuza udi, vifungo na lesi nyumba kwa nyumba. Naingia ndani ambako wanaume hawaingii, na najua nani ana nini kabatini. Umi aliponunua kwangu vifungo visivyofanana, vile ambavyo hakuna anayevitaka, nikajua huyu ni mtu wa biashara. Alinipunguzisha bei mpaka nikaanza kutafuta ndia ya kutokea.

Yeye hakuwa na pesa ya jora. Alichukua kilichobaki chini ya meza za mafundi. Kwa huyu kipande cha buibui, kwa yule poplini ya kanzu, kwa mwingine kaki ya sare za polisi, na kwa washona matanga wa Matondoni ncha za merikani. Alilipa kwa mikono yake. Humfagilia fundi duka, humpigia vifungo, humtobolea matundu, kisha hubeba vipande. Kutoka humo yalitoka magauni ya watoto, kifua cheupe, mabega ya kaki, pindo jeusi, na ungeapa kwamba jora lilifumwa hivyo kiwandani. Suruali zake za merikani walivaa watoto wa wavuvi wa Kizingitini, na nguo ikamshinda mtoto. Mtoto alikua, suruali ikabaki nzima, akavishwa mdogo wake.

Kila nguo aliitia alama. Nyuma ya shingo, kwa ndani, alishona pembetatu ndogo ya kitambaa cha buibui, na ndani yake alifungia punje za habasoda. Kule kwao mtoto hafungiwi habasoda kwa mapambo, hufungiwa kwa ajili ya jicho la husuda. Hili hakulitangaza barabarani. Mama akishanunua, Umi humshika kidole akakiweka pale penye pembetatu.

"Binya. Wasikia?"

"Nasikia. Kama mchanga."

"Ukikuta tupu, si yangu."

Watu wakaziita nguo za Pembe. Idi moja, ukisimama ufukoni, kila mtoto wa pili amevaa Pembe.

Idi hiyo ndiyo iliyomtia joto Athman Gharib. Athman alikuwa na duka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, cherehani za miguu zimepangwa, majora mpaka darini. Mafundi wengi wa mjini walichukua nguo kwake kwa mkopo, kwa hiyo neno lake kwao lilikuwa amri. Umi naye alikuwa akimfagilia duka ili apate vipande. Asubuhi moja, fagio li mkononi mwake, akaingia mama na mtoto aliyevaa gauni la Pembe.

"Bwana Athman, nataka mwingine kama huyu. Kama hili gauni, nasema."

"Hili umelipata wapi?"

"Kwa Bi Umi. Si huyo hapo nyuma yako?"

"Bi nani?" Athman akageukia baraza, kulikokaa wanaume wakinywa kahawa. "Jamani, mfagiaji siku hizi ni Bi!" Akamvuta mtoto, akaigeuza shingo ya gauni, akaikata ile pembetatu kwa mkasi, akaitupa kwenye takataka alizozikusanya Umi. "Zoa na hiyo. Nguo ya jalala irudi jalalani."

Baraza zima likacheka. Mtoto akalia. Umi akaiokota pembetatu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akamaliza kufagia. Alifagia mpaka pembeni, nyuma ya mlango, pasipofagiwa na mtu. Mwanamke aliyetukanwa akaendelea kufagia vizuri namna ile, mimi ningekuwa Athman ningefunga duka nikahama.

Athman hakuhama. Aliwaambia mafundi wote kwamba vipande vyote sasa vyaenda kwake kwa senti chache, na atakayempa Umi hata uzi asije tena kuchukua jora. Vikajaa magunia. Akawaweka vijana wake kushona nguo za namna ile ile, na nyuma ya shingo wakashona pembetatu nyeusi ile ile. Ndani haikuwa na kitu. Mshono ulikuwa mmoja, wa haraka, uzi wa bei rahisi. Ziliuzwa mpaka Faza. Zikifuliwa mara ya kwanza, zinafumuka.

Wenye hasara walikuja kwa nani? Kwa Umi.

"Bi Umi, mwanangu amevuliwa nguo na upepo! Amerudi kutoka chuoni na kola peke yake!"

"Ulibinya?"

"Nibinye nini? Nimeona pembe, nimenunua."

Ndivyo ilivyokuwa. Wachache walibinya, wengi walinunua kwa macho. Umi akabaki hana kipande cha kushona, na jina lake lachanikachanika migongoni mwa watoto wa watu. Hali ile ikiendelea msimu mmoja zaidi, angelazimika kuuza cherehani na kurudi Pate, kwa kaka yake, akakae jikoni kwa wifi yake. Aliniambia hivyo mwenyewe. Hakulia. Alikuwa amekaza meno mpaka taya limetokeza.

"Nenda kwa Mudiri ukashitaki," nikamwambia.

"Nishitaki nini? Kwamba nimeibiwa takataka? Mudiri naye acheke?"

"Basi utafanya nini?"

"Nitafanya ununuzi."

"Kwa pesa ipi, shoga?"

"Pesa ya nini? Mimi kazi yangu ni kutaka tu. Atakayenunua ni yeye."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona Matondoni, amesimama kwenye rundo la matanga mabovu yaliyooza kwa mafuta ya papa. Alikuwa akiyasifu kama mahari. Oh, merikani ya zamani hii, haipatikani tena, niwekeeni, msimpe mtu. Siku ya pili akatokea Wafula, fundi wa Athman, kijana wa bara aliyekuja Lamu kushona sare za askari. Akalipa, akayapakia kwenye punda, na mji mzima ukaziba pua alipopita nayo. Athman alikuwa amempa amri moja tu, chochote anachokitaka Umi, nunua kabla yake.

Umi aliposikia, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Idi. "Mtu anayenunua kwa chuki haangalii anachonunua," akasema. "Sasa mimi nampangia begi la mwanawe."

Hapa asiyeijua Lamu anisikilize. Bwana arusi hupeleka begi la nguo kwao bibi arusi. Begi hilo halifichwi. Hufunguliwa ukumbini, mbele ya wanawake wa pande mbili, likatolewa nguo moja moja, ikashikwa, ikanuswa, ikapitishwa mkono kwa mkono, na ulimi wa kila mmoja ukapita juu yake. Kamaludin, mwanawe Athman, alikuwa amechumbia nyumba kubwa ya Mkomani, mjukuu wa Bi Wangu, bibi ambaye akikupa kisogo umekwisha mjini. Na sisi tunaoingia majumbani tulijua Athman anavyojaza begi. Mwanawe mkubwa alipooa, juu kulikuwa na hariri, na chini kulijazwa shumizi na foronya za vipande vya dukani, zimetiwa lesi ili zitazamike. Lesi yenyewe nilimuuzia mimi.

Umi akaenda kwa Bi Radhiya wa Langoni. Bi Radhiya ndiye aliyekuwa akiwaosha na kuwakafini wanawake waliokufa. Kwa desturi yetu bafta ya sanda haikatwi kwa mkasi. Huanzwa kwa jino, ikachanwa kwa mkono, na inayobaki hairudi nyumbani kwa marehemu, hubaki kwa mwoshaji. Bi Radhiya alikuwa na sanduku zima, bafta safi, nyeupe pe, haijamgusa maiti yeyote. Hutumia kidogo kidogo kwa vitambaa vya kuoshea. Naye alikuwa na lake juu ya Athman. Aliwahi kununua kwake sanda ya mwanamke maskini wa Kizingitini, Athman akaipima kwa mkono mfupi, na walipomvisha marehemu miguu ikabaki nje. Bi Radhiya aliivua shela yake mwenyewe akamfunika. Hilo hakulisahau.

Umi alipomweleza mpango wake, bibi yule alilifunga sanduku kwanza. Kisha akauliza, "Ni uongo?"

"Si uongo hata kidogo," Umi akasema. "Bafta ni yako, ni safi, si haramu. Akija kununua, muuzie. Akiuliza imetoka wapi, mwambie kweli. Tena wewe mwambie hata kama hakuuliza. Nataka aipate kweli mkononi kisha aikanyage yeye mwenyewe."

Umi akatoka na kikapu kilichofunikwa, akapita Usita wa Mui mchana kweupe, akasimama karibu na duka la Athman akanieleza mimi kwa sauti ambayo haikuwa ya kunieleza mimi.

"Shoga, kwa Bi Radhiya wa Langoni kuna bafta! Sanduku zima! Kesho naenda kulichukua lote!"

Wafula hakungoja kesho. Nilikuwa uani kwa Bi Radhiya, namtolea udi, alipopiga hodi.

"Mama, nasikia una vitambaa vyeupe."

"Ninavyo, mwanangu."

Akaletewa sanduku mlangoni, akalifungua, akanusa. "Kuna harufu hapa. Ni dawa ya nondo?"

"Ni karafuu maiti."

"Aa, ile ya kuzuia wadudu. Vizuri, haitaliwa." Akapima kwa macho. "Hizi zimechanwa, hazikukatwa. Kwa nini?"

"Ndivyo kazi yangu ilivyo. Nawe mwambie bwana wako jina langu. Mwambie ni Radhiya wa Langoni. Usisahau, nakuomba."

"Siwezi kusahau, mama."

Hakusahau, kijana wa watu. Mimi mwenyewe nilikuwa dukani na bunda la lesi alipoliweka lile sanduku mbele ya Athman akasema, "Bwana, hii ni ya Bi Radhiya wa Langoni. Amesisitiza nikwambie jina."

Athman alikuwa akibishana nami bei. Hakugeuka. "Kina Radhiya ni wengi. Umi ameikosa?"

"Ameikosa."

"Basi inatosha. Anza shumizi za begi."

Nikaikata lesi yangu, nikaipima kwa haki, nikapokea pesa yangu. Lesi ni lesi. Vijana wakazishona shumizi kama walivyozoea, pembetatu nyuma ya shingo.

Siku ya begi, ukumbi wa Bi Wangu ulijaa mpaka kwenye ngazi. Umi alikuwapo, maana vifuniko vya mito ya harusi alishona yeye kabla hajakaukiwa vipande, na Bi Wangu alikuwa ameipenda kazi yake. Bi Radhiya alikuwapo pia, kwa kuwa kwenye shughuli yoyote ya mji mwoshaji hualikwa. Hakuna anayetaka kumkosea. Wanawake wa upande wa Athman wakaingia na begi kwa vigelegele. Ikatolewa hariri, ikasifiwa. Zikatolewa doti za kanga, zikasifiwa. Kisha zikaanza shumizi, lesi juu, lesi chini, zimefukizwa udi mpaka zatoa machozi.

Shumizi moja ikapita mkono kwa mkono ikamfikia Bi Radhiya. Akaileta puani, chini ya ule udi. Akalipindua pindo, akauvuta uzi mmoja, pindo likafunguka lote kama domo. Ndani ukatokea ukingo wa kuchanwa, na mwanzoni alama ya jino.

"Hii naijua," akasema. Hakupaza sauti. "Hii niliichana mimi. Ni baki ya sanda ya mke wa Mselem."

Mwanamke aliyekuwa na shumizi ya pili akaitupa. Ikamwangukia jirani yake, naye akapiga ukelele kama aliyeangukiwa na nge. Kwa muda hakuna aliyesikia la mwenzake. Bibi arusi, aliyekuwa chumbani, akaanza kulia bila kujua analia nini.

"Si haramu," Bi Radhiya akaendelea, ametulia. "Ni bafta safi. Haikumgusa maiti. Niliiuza, na aliyenunua niliagiza aambiwe jina langu. Kama yeye ameona yafaa kwa mkwewe, mimi ni nani?"

Shangazi yake Kamaludin akaiona ndia ya kutokea. Akaikamata shumizi, akaigeuza shingo. "Angalieni! Pembe! Hii ni alama ya huyu Mpate! Ni kazi ya Umi hii!"

Macho yote yakamgeukia Umi. Nakwambia, nilijua analingojea hilo, na bado nilianza kumwombea. Jina lake lote, lililobaki na lililochanika, lilikuwa pale kwenye kidole cha mwanamke yule.

Umi hakuinuka. "Bi Wangu," akasema, "nakuomba wewe mwenyewe uibinye."

Bi Wangu akaibinya. "Tupu."

"Mleteeni Bi Wangu mto mmoja katika niliyoshona mimi."

Mto ukaletwa. Bi Wangu akatafuta pembetatu, akabinya, akasita, akabinya tena. "Habasoda," akasema. Akawaambia wenye watoto walete nguo za watoto. Ukumbi mzima ukawa unabinya shingo za watoto, huyu anasema yangu ina punje, yule anasema yangu tupu, na kila iliyokuwa tupu ilikuwa ndiyo iliyofumuka. Wakakumbuka walizinunua wapi. Wakakumbuka wote kwa pamoja, kwa sauti moja, na hilo ndilo Umi alilolipia muda wote ule.

"Lifungeni begi," Bi Wangu akasema. "Hapana, msilifunge. Lirudisheni vivyo hivyo, liko wazi, mchana huu, kwa Usita wa Mui. Aseme mwenyewe alichotuletea."

Likarudishwa liko wazi, shumizi zaning'inia. Wale wale wa kahawa walikuwa barazani.

Harusi haikuvunjika. Athman alileta begi la pili, jora kwa jora, bila kipande hata kimoja, na Bi Wangu alilikagua kwa mkono wake. Lakini dukani hakuingia mtu. Mafundi wakaacha kumpelekea vipande, maana nani tena angevishona? Magunia yakamkalia. Wafula alitafutiwa lawama akazikataa. Alisema mbele ya watu, "Mimi nilikwambia jina, bwana," akachukua mkasi wake akaenda zake kwa fundi mwingine.

Mwishowe Athman akaja Langoni, kwa miguu yake, akasimama nje ya mlango wa Umi.

"Bi Umi."

"Bi nani?" Umi akauliza, hakuinua macho kwenye cherehani.

Athman akashika mwimo wa mlango. "Nina magunia. Vipande vizuri, kaki, poplini. Na hizo nguo zilizokwisha shonwa. Taja bei, uchukue."

"Za jalala?"

"Nimekuja tuelewane, mwanamke."

"Tuelewane. Vipande nachukua, bei nitakupa nusu ya ulivyowalipa mafundi. Bafta ya sanduku, na shumizi zake, itarudi kwa Bi Radhiya bure. Na zile nguo sizitaki mpaka zitolewe alama yangu. Utaifumua wewe."

"Nitawapa vijana wafumue."

"Nimesema wewe. Kwenye baraza yako, mchana, moja moja. Pembetatu zote uniletee. Ikipungua moja, hatujauziana."

"Kwa Mungu, Bi Umi, mimi mtu mzima..."

"Nami nilikuwa mtu mzima siku ile. Wataka kuuza au hutaki?"

Alitaka. Hakuwa na mnunuzi mwingine katika visiwa vyote, na Umi alilijua hilo kabla yake. Akakaa barazani na kimkasi kidogo, miwani puani, rundo la nguo miguuni, akafumua. Wapita njia walimsalimu vizuri sana. Wengine waliuliza afya yake, wakasimama kungoja jibu. Umi alipita mara kwa mara na kikapu chake, akiangalia mshono kama msimamizi, na mara moja alimrudishia nguo. "Hii umeichana. Fumua, usirarue. Ni mali yangu sasa."

Bi Radhiya aliipokea bafta yake, akaichana vitambaa vya kuoshea. Umi akazishona upya zile nguo, mshono wa mara mbili, akazitia pembetatu zenye punje, akaziuza bei juu kidogo ya zamani. Mafundi walimpa vipande bila kufagiliwa. Zile pembetatu tupu za Athman aliziunga moja moja, pamoja na ile aliyokuwa ameifunga kwenye kanga, akajaza usufi, akapata mto.

Miaka ilipita, Kamaludin akapata mtoto, na mke wa Athman akaja kununua gauni. Akaligeuza shingo kwa aibu, akabinya. Akaridhika. Akaomba apunguziwe, kwa kuwa ni ya mjukuu.

Umi akajiweka sawa juu ya mto wake.

"Bei ni ile ile," akasema.